Bega, nyonga au kompyuta: nani analenga kwenye MechWarrior, Armored Core VI na War Robots

Mtu akiuliza aanze na gemu ipi ya maroboti makubwa ya kivita, majibu ya haraka huwa ni picha, bei na hadithi. Sikatai, hayo yana nafasi yake. Lakini baada ya wiki moja kitakachokufanya uendelee kucheza au uifute ni kitu kingine: ukibonyeza kitufe, risasi inatokea sehemu gani ya mwili wa roboti, na nani aliyeilenga, wewe au mashine? Gemu tatu ninazolinganisha hapa zinajibu swali hilo kwa njia tatu zisizofanana hata kidogo. Aliyezoea moja akihamia nyingine hukosa shabaha mwezi mzima, kisha akasema gemu ni mbovu.

MechWarrior: silaha ipo wapi?

Chini ya jina hili naziweka gemu mbili za Piranha Games ya Kanada: MechWarrior Online, ya kupigana na watu mtandaoni, iliyotoka rasmi 2013, na MechWarrior 5: Mercenaries ya 2019, ambayo unaweza kuicheza peke yako bila kujali kasi ya intaneti. Zote mbili zimerithi maroboti kutoka BattleTech, mchezo wa mezani wa miaka ya 1980 unaochezwa kwa kete. Urithi huo ndio chanzo cha vituko vingi. Mezani, kete ndizo zinazoamua risasi ipige mkono, mguu au kifua, kwa hiyo majeraha hutawanyika. Kwenye skrini mchezaji anazielekeza silaha zake zote kwenye nukta moja na kuzifyatua kwa pamoja. Roboti lililojengwa kwa hesabu za kete lingekufa kabla hujanywa chai, na ndiyo maana MechWarrior Online ililazimika kuongeza deraya mara mbili ya ile ya mezani. Hata hivyo kifua bado ndicho kinachotobolewa kwanza.

Sasa tazama umbo lenyewe. Wewe unaona kutoka chumba cha rubani, ambacho kwa maroboti mengi kiko kichwani. Silaha ziko mabegani, mikononi, kifuani, nyongani. Kila moja inatoa risasi kutoka mahali ilipochorwa, si kutoka kwenye jicho lako. Ukisimama nyuma ya kilima na kumwona adui vizuri, alama ya shabaha ikiwa juu yake kabisa, unaweza kufyatua na mzinga ukachimba udongo mbele ya miguu yako. Jicho limevuka kilima, mtutu haujavuka. Ni sawa na kuchungulia juu ya ukuta huku jiwe la kurusha umelishika kiunoni.

Atlas ndilo linalowaliza wageni kwa jambo hili. Ni roboti la tani 100, uso wake kama fuvu, na kila anayeanza analitamani. Mzinga wake mkubwa, AC/20, umekaa nyongani upande wa kulia, na mikono yake inaning'inia chini. Ili mzinga huo uvuke ukingo wa kilima, lazima kwanza utoe kichwa, mabega na kifua chote nje, na adui atakuwa ameshakufaidi kwa sekunde kadhaa kabla yako. Kwa hiyo Atlas si la kuviziana vilimani. Ni la kutembea nalo mpaka kwenye kona, kusogea karibu, ndipo ufyatue, kwa sababu AC/20 yenyewe inafanya kazi yake vizuri ndani ya mita 270.

Hunchback lina mzinga huohuo, lakini ni la tani 50 tu, nusu ya Atlas, na mzinga umewekwa juu ya bega la kulia kama nundu. Unapanda kidogo, nundu inatokea pamoja na kichwa, unafyatua, unarudi chini. Kwa vita vya vilimani roboti hili dogo linamshinda mkubwa wake, na mimi ningempa mgeni Hunchback kabla ya Atlas bila kufikiri mara mbili. Ubaya wake nao uko palepale penye uzuri: kila adui anajua nundu hiyo ina nini. Wanaipiga hiyo kwanza. Na kwa sheria za gemu hizi, upande wa kiwiliwili ukivunjika, mkono wa upande huo unaondoka nao. Hunchback aliyepoteza nundu anabaki na leza chache, na hapo utajua kwa nini wazoefu hujifunza kuzungusha kiwiliwili mara tu wanapofyatua, ili risasi za kujibu ziangukie upande usio na kitu cha maana. Centurion, naye wa tani 50, ana mzinga mkono wa kulia na kitu kama ngao mkono wa kushoto. Ukimwona mchezaji mzuri wa Centurion, kila baada ya kupiga utauona ubavu wake wa kushoto.

Halafu kuna suala la alama mbili. Kwenye skrini kuna alama ya kiwiliwili na alama ya mikono. Ukisogeza kipanya haraka, alama ya mikono inatangulia na ya kiwiliwili inafuata taratibu, kwa kuwa mikono ni myepesi na kiwiliwili cha tani hamsini si cha kugeuka ghafla. Silaha za mkononi hufuata alama ya kwanza. Za kifuani, begani na nyongani hufuata ya pili. Ukifyatua zote kabla alama hazijakutana, nusu ya risasi inaenda kwa adui na nusu inaenda kwa mti. Mikono pia hufika juu na chini zaidi, jambo linalookoa maisha pale Locust, kijiroboti cha tani 20, kinapokuzunguka miguuni. Lakini si kila mkono ni mkono. JagerMech na Blackjack wana mitutu badala ya viganja, bila kiungo cha chini ya kiwiko, na kwenye MechWarrior Online mikono ya namna hiyo haiyumbi kushoto wala kulia. Inapanda na kushuka tu. Wanachopata badala yake ni urefu: mitutu imeinuliwa karibu sawa na macho ya rubani, hivyo wanapiga juu ya kilima bila kutoa mwili. Ni biashara ya haki kabisa, mradi uijue kabla ya kuingia vitani.

Kuna mpangilio wa kufunga mikono ili ifuate kiwiliwili na alama zikae pamoja. Anayetumia pedi ya kuchezea badala ya kipanya, au anayeanza, aifunge tu mikono hiyo. Wapo watakaomwambia kwamba anapoteza faida ya mikono, na ni kweli, lakini faida usiyoweza kuitumia ni mapambo.

Kituko cha mwisho upande huu ndicho kinachochelewa kugundulika. Silaha za kushoto na za kulia hukutanisha risasi zake kwenye umbali wa kile ambacho alama ya shabaha imekigusa. Ukimgusa adui aliyesimama mita 200, zinakutana mita 200, safi. Lakini adui anapokimbia na wewe una mzinga, ambao risasi yake inachukua muda kufika, huwezi kumlenga yeye. Unalenga mbele yake. Na mbele yake hakuna kitu isipokuwa mlima ulio mita 800 nyuma. Silaha zinajipanga zikutane huko mlimani, na risasi ya mkono wa kushoto inapita mbele ya adui, ya kulia inapita nyuma yake, yeye katikati anapeta. Dawa yake haiko kwenye ustadi peke yake, iko kwenye uchaguzi wa roboti: mizinga iliyokaa upande mmoja, au karibu na katikati, huumia kidogo sana na jambo hili. Mizinga iliyotenganishwa na mwili mzima, mmoja kila mkono, huumia sana. Leza hazina shida hiyo kwa sababu zinafika papo hapo, ila nazo zina lao: lazima uushikilie mwali juu ya sehemu ileile kwa karibu sekunde moja, na muda wote huo kifua chako kinamtazama adui.

Kati ya gemu hizo mbili za Piranha, tofauti kubwa ya karakana, pale unapolipangia roboti silaha, ni kwamba MechWarrior 5 inapima pia ukubwa wa nafasi za silaha, ndogo, za kati na kubwa, kwa hiyo huwezi kubana mzinga wa AC/20 mahali palipotengenezwa kwa bunduki ndogo. MechWarrior Online inakuachia uhuru zaidi, kisha inakuadhibu kwa joto la ziada ukifyatua silaha nyingi nzito za aina moja kwa mpigo. Zote mbili zina mwonekano wa nje, kamera ikiwa nyuma na juu ya roboti. Ni mzuri kwa kupiga picha. Kwa kulenga unadanganya zaidi kuliko chumba cha rubani, maana kamera iko juu hata ya kichwa, na kilima kinachoonekana umekivuka hujakivuka.

Armored Core VI: kazi ya kulenga si yako

Ukitoka huko ukaingia Armored Core VI: Fires of Rubicon, iliyotolewa na FromSoftware ya Japani Agosti 2023, utahisi umepewa mchezo wa aina nyingine. Roboti linaruka na kuchepuka hewani, na karibu muda wote silaha zinamfuata adui zenyewe. Ukimweka ndani ya eneo la kulengea, mfumo unamkamata na hata kukadiria anakoelekea. Ukibonyeza kijiti cha kulia cha pedi, kamera nayo inaanza kumfuata.

Nafasi za silaha ni nne tu: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mgongo wa kulia, mgongo wa kushoto. Kila nafasi ina kitufe chake, na vidole vyako vinne vya juu ya pedi ndivyo vinavyokuwa roboti. Kwa hiyo "silaha ikae wapi" hapa haina maana ya urefu wa mtutu juu ya kilima. Ina maana ya kidole. Panga za nishati hufungwa upande wa kushoto peke yake, kwa mfano, na hilo peke yake linaamua mengi: ukitaka upanga, mkono wa kushoto hauna bunduki. Unaweza baadaye kufungua uwezo wa kuweka silaha za mkononi mgongoni na kubadilishana nazo katikati ya vita, lakini hapo unakuwa umetoa sadaka mzinga au makombora ya mgongo.

Kwa kuwa mashine ndiyo inayolenga, ulengaji unanunuliwa dukani. Kuna kipande kinachoitwa FCS, yaani mfumo wa kuongoza silaha, na kila FCS ina namba tatu: msaada wa kulenga karibu, wa kati na wa mbali. Karibu ni ndani ya mita 130, kati ni kutoka 130 hadi 260, na mbali ni kuanzia hapo. Ocellus ni mkali mno wa karibu na hafai kitu kwa mbali. Talbot ni wa kati, hana makuu, na ndiye ningemshauri mtu aliye katikati ya hadithi. Watu wengi wanaolalamika kwamba bunduki zao "hazipigi" wamefunga bunduki za mita 200 pamoja na FCS ya mita 100. Roboti linafanya walichokinunua.

Mikono nayo ina namba zake. Moja inasema inamfuata adui kwa kasi gani, nyingine inasema inazuia vipi msukumo wa bunduki. Ukishikilia kitufe cha bunduki ya rashasha, msukumo unajikusanya na risasi zinaanza kusambaa. Mkono imara hupunguza hilo, mkono dhaifu uliobebeshwa bunduki nzito kupita kiwango chake hulizidisha. Kila bunduki pia ina umbali wake wa kufaa, na nje ya huo risasi hudunda kwenye deraya na kufanya uharibifu kiduchu. Ndiyo maana baada ya gemu kutoka mtandao ulijaa watu wenye Zimmerman mbili, bunduki za kutawanya risasi, moja kila mkono: unamvamia adui puani, ambako mashine haiwezi kukosa, unamyumbisha, unammaliza. Masasisho ya baadaye yaliipunguza makali.

Kilichobaki cha mahali halisi pa silaha kiko mgongoni na miguuni. Mzinga wa mabomu kama Songbirds, kwa roboti la miguu miwili, unalilazimisha lisimame kabla ya kufyatua. Katika gemu ya kasi hii, kusimama ni kujitangaza. Ukibadilisha miguu ukaweka ya vifaru au ile minne, unafyatua ukiwa unatembea. Kwa maneno mengine, usiuchague mzinga wa mgongo kabla hujachagua miguu. Na makombora yanayorushwa juu wima, matamu sana uwanjani, ukiyapeleka kwenye handaki yatapiga dari na kukuachia moshi.

Huku hakuna kulenga kifua wala mkono wa adui. Hakuna kumvunja bega. Kuna kipimo kimoja cha kuyumba. Kikijaa, anaduwaa kwa muda mfupi na kila kinachompata kinamuumiza zaidi. Ustadi wote umehamia kwenye umbali na wakati: kujua ubonyeze lini, kuhesabu kipimo kinajaa lini, kubakiza silaha nzito kwa dakika hiyo. Mpinzani mzuri hukwepa kwa kuchepuka ghafla, kwa kuwa mfumo umekadiria anakoelekea na yeye amebadili njia baada ya wewe kufyatua. Kwa hiyo swali la "mbona silengi vizuri" hapa mara nyingi jibu lake ni "umefyatua mapema".

War Robots, kwa wenye simu tu

Hii ni fupi, kwa sababu yenyewe ni rahisi. War Robots ya Pixonic, iliyoanza 2014, inachezwa kwenye Android na iPhone. Inamfunga adui shabaha yenyewe, kiwiliwili kinageuka chenyewe, na wewe unaamua nani wa kumpiga, lini, na usimame wapi. Kidole gumba juu ya kioo hakiwezi kulenga nundu ya Hunchback, na waliotengeneza gemu hii hawakujaribu kukilazimisha.

Silaha zimegawanywa ndogo, za kati na kubwa, na roboti lina nafasi za kila aina. Jambo la kutazama ni umbali. Orkan na Pinata hufika mita 300, Punisher mita 500, Molot mita 800, na Zenit hurusha makombora ya kupinda hadi mita 1,100. Mgeni huchanganya Molot na Orkan kwenye roboti moja, akadhani amejiandaa kwa kila hali. Matokeo yake, popote asimamapo nusu ya silaha inafanya kazi na nusu inaangalia. Ule mpangilio mashuhuri wa zamani wa roboti Griffin, Orkan mbili na Pinata mbili, ulikuwa mzuri kwa sababu silaha zote nne zina umbali mmoja na hufyatuliwa kwa pamoja.

Mahali pa silaha mwilini pana maana kwenye kona za majengo tu. Alama ya kufunga shabaha haizuii risasi kugonga ukuta, kwa hiyo ukichungulia kwa upande wa kulia, silaha ya kulia inatoka kwanza na ya kushoto bado inapiga zege. Ukiona adui anapiga na wewe risasi zako zinaishia ukutani ilhali mmefungana shabaha, angalia silaha yake iko upande upi, kisha badili kona. Kuhusu malipo nitasema hivi: gemu ni ya bure kuingia, na asiyelipa atapanda ngazi polepole sana.

Basi uchague ipi?

Chukua tukio moja: adui yuko mita 250, nyuma ya kilima kifupi, anatoka na kurudi. Kwenye MechWarrior utauliza silaha zako ziko juu au chini, na ukiwa na Atlas utazunguka kilima badala ya kubishana nacho. Ukiwa na makombora ya masafa marefu utayapitisha juu, mradi mtu amwone, na ukumbuke kwamba kwenye MechWarrior Online makombora hayo ya kawaida hayana kazi ndani ya mita 180. Kwenye Armored Core VI utaruka juu ya kilima chenyewe na kumshukia, na swali litakuwa kama FCS yako inajua kazi ya mita 100. Kwenye War Robots utapima kama silaha zako zinafika, kisha utasubiri atoke.

Kama jibu la kwanza limekufanya utake kujua kila roboti lina mtutu wapi, wewe ni wa MechWarrior, na ningeanza na MechWarrior 5 kwa sababu maadui wa kompyuta wanakusamehe wakati unajifunza. MechWarrior Online isubiri hadi uwe umezoea alama mbili; wachezaji wa huko wana miaka zaidi ya kumi ya kujua nundu ipi wapige. Uwe na kipanya. Inachezeka kwa pedi, ila mlengaji wa kipanya atakuonea.

Kama unachukia kuhesabu udongo na unataka mwendo, nenda Armored Core VI, na hapo mambo yanageuka: pedi ndiyo bora, kwa sababu vifyatulio vinne viko chini ya vidole vinne tayari. Asiyependa kurudia pambano moja mara nyingi asiinunue kabisa. Balteus, bosi wa mwisho wa sura ya kwanza, amewafukuza watu wengi waliodhani kulengewa ni sawa na kushindiwa. Ana ngao ya nishati inayovuliwa haraka na bunduki za aina ya pulse, zinazorusha mipigo ya nishati, na asiyebadili silaha atapiga ngao hiyo mpaka risasi ziishe.

Mwenye simu na bando la kupima apakue War Robots, achague silaha zenye umbali mmoja, na ajaribu kwanza mita 500. Mita 300 zinalipa zaidi, lakini zinataka roboti linaloweza kufika huko likiwa bado hai, na mgeni hana roboti hilo bado.